Cherehani Kutoka Iyolwa

Nilikwenda Iyolwa, kijijini huku Uganda, kutafuta riziki, sikwenda kutafuta balaa. Hilo mlijue kwanza.

Kazi yangu ni cherehani kuukuu. Zile za zamani, kichwa cheusi, maua ya dhahabu, pedali ya chuma. Nazinunua vijijini, nazipiga picha, naziweka Facebook. Wanunuzi wako Kenya, wengine wanaziweka hotelini ziwe pambo. Mimi ni mchuuzi, na mtu akiniita fundi namkatalia hapo hapo.

Jua lilikuwa linazama nilipofika. Aliyeweka tangazo ni mwanamke kijana, Alungat. Cherehani ilikuwa ya mama mkwe wake, waliyemzika juzijuzi. Niliikuta nje tayari, imefunikwa gunia, mbali na nyumba. Ilinuka karafuu maiti.

"Unakwenda kuiuza tu, dada?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Sasa niile?"

Hakucheka. "Usimshonee mtu nayo."

"Mimi sishoni, mama. Nauza."

Akatusaidia, mimi na dereva wangu, kuifunga kwenye bodaboda, lakini chuma chenyewe hakukigusa. Alishika kamba tu. Nikajisemea, watu wa huku kwa maneno!

Nilifika nyumbani Busia baada ya Isha. Naishi na binti yangu Rukiyah, miaka saba, basi. Nilimpata baada ya kulia sana, na mwingine daktari alishasema sitapata. Sijamaliza hata kunawa miguu, Imalingat akapiga simu ya video. Huyo ndiye mnunuzi, yuko ng'ambo ya mpaka.

"Sister, hebu nione ikishona. Mashine imekufa mimi sitaki."

Wote husema hivyo. Nikatafuta kitambaa cha kujaribia, sikuona. Rukiyah akaja mbio, akanyanyua gauni alilovaa.

"Mama, hapa chini limefumuka. Nishonee."

Nikatia uzi. Nikaweka upindo chini ya sindano, yeye amesimama ubavuni. Nikakanyaga. Tak, tak, tak. Chuma kilienda vizuri mno! Nilishona urefu wa kidole, nikakata uzi, nikaitazama simu nikicheka.

Imalingat hakuwa anacheka.

"Huyo mama mwingine ni nani?"

"Mama gani?"

"Huyo... aliyeinama nyuma ya mtoto. Anampima mabega."

Nikageuka. Palikuwa na ukuta na kalenda. Simu ikakatika, na nilipompigia tena nikakuta ameniblock.

Rukiyah akasema anasikia baridi. Akajilaza mkekani. Nikaenda kumletea blanketi, na nikiwa chumbani nikasikia...

Tak.

Tak.

Gurudumu lilikuwa linazunguka lenyewe. Hakuna mguu kwenye pedali. Hakuna uzi. Sindano inapanda, inashuka, inachoma hewa.

Nikamkimbilia mwanangu. Yarabi! Mshono wa gauni ulikuwa umeongezeka. Upindo wa mbele na wa nyuma ulikuwa unashonwa pamoja, unafungwa kama mdomo wa gunia, miguu yake ikiwa ndani. Kila sindano ikishuka, pumzi yake inapungua.

Nililishika gurudumu, likaniburuta mkono. Nilivuta gauni, halikutoka. Nikachukua wembe, nikakata uzi wa mshono mahali pamoja. Rukiyah akapiga kelele, na tone la damu likatoka kwenye uzi. Kwenye uzi, siyo kwenye ngozi! Nikautupa ule wembe. Nikampigia Alungat nikilia.

"Ulimshonea mtu," alinong'ona.

"Mwanangu! Nisaidie, Alungat, nakufa mimi!"

"Mama alishona nguo za maiti tu. Iyolwa yote, nguo ya mwisho ilitoka kwake. Hiyo cherehani haijui nguo nyingine. Haina ubaya, dada. Inafanya kazi yake."

"Niambie nifanye nini!"

"Nguo ya maiti haipigwi fundo, ili roho ipate kutoka. Tafuta ncha ya uzi. Piga fundo kabla mshono haujakutana. Ikiona fundo itajua huyo siyo wake."

Nilitambaa sakafuni na tochi ya simu. Ncha niliiona, fupi kama kope. Kila nikiipiga fundo inateleza. Tak, tak, tak. Pamebaki upana wa kiganja. Midomo ya Rukiyah imekuwa ya kijivu. Sasa upana wa vidole viwili...

Nikavuta uzi kwenye upindo wa dera langu mwenyewe. Nikauunga na wake. Nikakaza kwa meno.

Cherehani ikasimama.

Halafu mwanangu akakohoa, akafungua macho.

"Mama, nataka uji."

Nililia, nikacheka, nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka jirani yangu Edah akagonga ukuta. Nilikata uzi uliotuunganisha, fundo likabaki kwake. Mshono ukaachia wenyewe. Nikamvua gauni, nikamvika jingine. Akanywa uji wote, akalalamika sukari kidogo.

Nikainama kuokota kikombe.

Tak.

Niliangalia chini. Upindo wa dera langu ulikuwa umeanza kushikana, pale pale nilipovuta uzi. Ncha nimeitafuta kwa tochi, kwa vidole, kwa ulimi. Haipo. Alungat nampigia, simu imezimwa. Kulivua siwezi, linauma kama ngozi. Kuirudisha Iyolwa? Miguu yangu mpaka magoti haina hisia tena.

Afadhali mimi. Nilisema hivyo wakati nakaza lile fundo, na bado nasema. Lakini naogopa, jamani. Naogopa sana.

Rukiyah nimemwambia akalale kwa Edah, nimemdanganya kwamba nina wageni. Alifurahi, maana kwa Edah kuna televisheni. Alitoka akirukaruka kwa miguu yake miwili, hakugeuka nyuma, na mimi sikumwita.