Nafasi ya Mashine ya Tatu

Kijana mgeni mwenye kanzu ya rangi ya maziwa na mkoba begani aliingia studio ya Bi Mwatum, Chake Chake, akatoa salamu, akainama na kuchomoa waya wa mashine ya tatu.

Kauthar, mtunza picha wa studio, aliganda. Mashine zile tatu za kompyuta, zilizounganishwa kuwa ghala moja la picha, zilibeba harusi za wanawake wa nusu ya Pemba: nywele wazi, hina mbichi, mabibi wakicheza.

"We nani?"

"Fahmi. Bi Mwatum kaniita kutoka Unguja." Alielekeza kwenye kioo cha kompyuta, video ya harusi ikichezwa. "Tazama, harusi ile bado inaenda. Kila picha ina nakala kwenye mashine nyengine. Moja ikifa, mbili hugawana mzigo wake, mradi zina nafasi."

"Ungeniambia kwanza."

"Mashine haipigi hodi inapokufa."

"Na watu wa Unguja pia hawapigi?"

Bi Mwatum alicheka kwenye kiti chake. Fahmi, masikio yamemuiva, alichora mstari mwekundu kwenye kipimo cha ghala. "Juu ya hapa pabaki patupu. Niahidi."

"Nakuahidi."

Fahmi akarudi Unguja, na baada ya hapo simu zikawa kila jioni.

"Mstari wangu haujambo?"

"Haujambo. Mwenye kuulinda ndiye hujamuuliza."

Posa ikaletwa, ikapokelewa. Wiki ya harusi, Fahmi alipiga simu, sauti ikiwa nzito.

"Kauthar, naona kutoka huku. Umefika kwenye mstari, na harusi yetu haijaingia. Utauvuka."

"Unanidhania hivyo?"

"Kwa harusi yake mwenyewe, nani asingeuvuka?"

Kauthar akakata simu. Hakupokea tena.

Siku yenyewe, nyumbani kwao Kauthar, Wawi, Fahmi alimkuta Bi Mwatum mlangoni mikono mitupu.

"Kamera iko wapi, Bi?"

"Bibi harusi kaikataa. Mashine mpya tuliyoagiza haijafika, kasema hana pa kuiweka."

"Hata kwenye kadi ya kamera?"

"Kadi za wanawake tunazifuta siku ile ile, baba. Unataka mkeo azagae mitaani?"

Hapo simu ya Fahmi ikalia na onyo: mashine ya pili imekufa. Alisimama uani na joho lake, akitazama kwenye simu kipimo cha ghala kikipanda, kikipita mstari, kikikaribia mwisho. Kikasimama, pamebaki kidogo mno.

Alipoingizwa chumbani, Kauthar alikuwa kitandani, shela la kijani, hina hadi viwikoni, uso ameugeuza.

"Mashine ya pili imekufa," alisema Fahmi.

Kauthar aligeuka ghafla. "Zilizobaki zimetosha?"

"Zimetosha. Yetu ingekuwemo, zisingetosha." "Nisamehe, mpenzi."

Kauthar akalishusha shela mabegani.

"Basi nitazame vizuri," alisema. "Hii haina kurudisha nyuma."