Shati Kwenye Waya wa Foni

Kila asubuhi kabla ya shule, Ketsia alipita kwenye kijumba cha foni, redio ya kuongea na watu wa mbali, nyuma ya nyumba yao, mtaa wa Saio mjini Bunia. Mama yake mdogo, Lydie, ndiye aliyeendesha foni hiyo. Aliita vijiji ambavyo mtandao wa simu haujafika, na baada ya mikwaruzo kidogo sauti ya mama yake Ketsia ilisikika. Mama alikuwa mbali msituni, akimuuguza bibi. Jana alisema bibi amezidiwa, na leo angejulisha kama watume gari la kumleta hospitalini Bunia.

Leo foni ilikoroma tu. Lydie aliita, akangoja, akaita tena. Hakuna aliyejibu.

Ketsia alichungulia nje, akautazama waya wa antene. Jana jioni kamba ya nguo ilikuwa imejaa, naye akatundika shati lake la shule kwenye waya wa antene, jambo alilokatazwa tangu zamani. Asubuhi alilivuta kwa pupa, waya ukanesa vibaya. Basi ameiua foni, na bibi atafia msituni kwa ajili ya shati!

Kabla hajafungua mdomo, Lydie alimwona Destin, mtoto wa jirani, akipita uani na mpira.

"Ni weye," alimwambia. "Jana mupira yako ilipiga waya. Usikanyage tena hapa."

Destin alijitetea kwamba mpira ulipita chini kabisa, lakini nani amsikilize? Maskini, kila Jumamosi alikuja hapo kuongea na baba yake aliyeko kwenye machimbo ya dhahabu. Ketsia alisikia yote, akachukua mfuko wake na kwenda shule.

Huko shuleni hakukalika. Mguu ulitikisika chini ya dawati, mwalimu aliuliza hiki yeye akajibu kile, na kila pikipiki iliyopiga honi barabarani ilimfanya ainuke kuchungulia. Wenzake walimcheka, wakamuuliza kama amekalia siafu. Yeye alikuwa akimwaza bibi, kisha Destin, kisha bibi tena.

Aliporudi alimkuta Lydie ameushusha waya upande ule uliodaiwa kupigwa na mpira, akiukagua kipande kwa kipande, jasho likimtiririka. Nje ya ua Destin alisimama na mpira kwapani, bila kucheza. Ketsia alishindwa kuvumilia.

"Mama mudogo, si Destin. Ni miye. Nilitundika shati kwenye waya, leo nikalivuta."

Lydie alikasirika, tena sana, ila akauliza kwanza ni upande gani. Wakaukagua upande huo pia. Waya ulikuwa mzima kote. Hapo ndipo Lydie alipoacha kuusumbua waya na kumpigia simu mwendesha foni mwenzake wa mji wa Isiro. Kumbe foni ya huko nayo ilikuwa kimya tangu alfajiri, na redio ilikuwa imetangaza kwamba jua limetupa dhoruba kuelekea dunia.

Lydie aliwaita watoto wote wawili, akawaeleza kwamba juu kabisa, kupita mawingu na ndege, kuna tabaka la hewa lenye chaji za umeme. Sauti ya foni hupanda hadi huko, ikarudishwa chini, ndiyo maana inavuka misitu na milima. Lakini tabaka hilo halitulii. Dhoruba ya jua hutikisa usumaku wa dunia na kulivuruga kutoka juu. Kutoka chini nako, mvua kubwa za radi na pepo zinazogonga milima huinua mawimbi ya hewa yanayofika hadi huko na kulitikisa. Likivurugika sana, sauti hupotea njiani.

Kesho yake asubuhi foni ilikoroma, ikakwaruza, kisha mama akasikika kwa mbali: bibi amekula uji, tumeni gari leo. Ketsia alilia kwa furaha mbele ya kila mtu.

Lydie alimwomba Destin radhi, akamwambia Jumamosi aje kama kawaida. Kisha akamgeukia Ketsia.

"Ungesema jana asubuhi, tungejua mapema kama waya iko muzima, na huyu mutoto asingesimama inje siku muzima. Kule juu kukivurugika, kunatulia kwenyewe. Neno uliyoficha haitoki mupaka weye uitoe."

Ketsia alimvutia Destin kiti karibu na spika.