Unga wa Kichuguuni

Kilichoanza ni mlio wa chekeche. Chwa, chwa, chwa, ukutani, mchana kweupe, wanachuo wakila. Bi Hajra, mpishi mkuu wa bwalo la chuo pale Nachingwea, aligeuka kuona nani anachekecha, maana jikoni kwake unga huja tayari, wa mfuko. Hakukuwa na mtu.

Injinia Dismas aliusikia pia. Akajifanya anapima dirisha.

Bwalo lile lilikuwa fahari yake. Kuta mbovu alizivunja, akajenga upya kwa matofali ya udongo wa kushindilia, yasiyochomwa, usikatwe mti hata mmoja. Ndani kukawa na ubaridi mtamu bila feni. Udongo aliupata kwenye kichuguu nyuma ya chuo. Wenyeji hawachimbi kichuguu bila kumwomba pepo akaaye humo, na Bi Hajra ndiye aliyemwombea: jioni alimimina unga pale, ukasimama kama kilima kidogo, akataja jina lake mwenyewe kuwa ndiye mwombaji. Ukikutwa asubuhi umesimama, mmeruhusiwa. Ukitawanyika, acheni.

Asubuhi Dismas ndiye aliyetangulia kufika. Unga ulikuwa umetawanyika. Mashine ya matofali ilishaletwa na vibarua wanasubiri, basi akauzoa kwa vidole, akausimamisha, ndipo akamwita Bi Hajra aje kuona. Mama wa watu akapiga kigelegele.

Sasa bwalo likanuka unga mbichi na udongo uliolowa, wanachuo wakahamia nje na sahani zao, na Bi Hajra akawa anakohoa mpaka anashika meza, na kila akikohoa kilichotoka hakikuwa kohozi wala damu bali unga, mkavu, mweupe, ukimwagikia kanga yake, huku chwa, chwa, chwa ikisikika ndani ya mbavu zake.

Shehe Mustafa aliletwa kutoka Lionja. Alimsomea Bi Hajra dua, akasikiliza, akanong'ona, "Huyu wa kichuguuni anasema alikataa. Mbona mmemwingilia?"

"Aliruhusu, shehe. Unga niliuona kwa macho yangu. Injinia shahidi."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ila hapa kifo kilikuwa kinamwendea mwingine. Dismas alisogea mbele ya Bi Hajra.

"Ulitawanyika, mama. Niliukusanya mimi. Nisamehe."

Bi Hajra alivuta kanga yake, akampa mgongo.

"Kaombe mwenyewe, kwa jina lako," shehe alisema. "Ukisimama, atamwachia mama huyu. Ukitawanyika, mimi sina dawa."

Jioni Dismas alimimina unga, akaomba kwa machozi, akaondoka bila kugeuka. Asubuhi walikwenda wote watatu, Bi Hajra akijikongoja. Unga ulikuwa umesimama. Dismas alitaka kuruka kwa furaha.

Kisha shehe akainama. Ubavuni mwa unga kulikuwa na alama za vidole, za mtu aliyeuzoa na kuusimamisha.

"Injinia," Bi Hajra aliuliza kwa sauti ndogo, "umerudia?"

"Haki ya Mungu, mama, sijagusa!"

"Hata siku ile nilikuamini."

Akajiziba mdomo kwa kanga, akakohoa unga.