Jua Lililotua Upande Usio Wake

Kila jioni alipomaliza kuosha vyombo, Akech alipanda ngazi hadi juu ya paa la ghorofa lao mtaani Shauri Moyo, simu ya baba yake mkononi. Majirani walikuwa wamemzoea binti huyo. Wao walipanda kuanua nguo, yeye alipanda kupiga picha. Alipiga picha moshi wa nyama kutoka Soko la Burma, mapaa ya Kaloleni, na majengo marefu ya mjini jua likitua nyuma yake. Kioo cha simu kilikuwa na ufa, lakini kamera ilikuwa nzima, na macho ya Akech yalikuwa mazima zaidi.

Shida yake ilikuwa muda. Baba yake, Otiende, alifanya kazi ya zamu ya usiku katika kiwanda kimoja kule Industrial Area. Jua lilipoanza kupendeza, ndipo naye alipoanza kufunga kamba za viatu.

"Akech! Lete simu, nachelewa!" angeita kutoka chini.

Akech angeteremka mbio, na nyuma yake anga lingeendelea kuwaka bila mtu wa kulipiga picha. Mara nyingi hilo lilimuuma kuliko njaa.

Mwezi wa Julai, Mwalimu Ndindi, mlezi wa chama cha picha shuleni, alitangaza shindano lililoitwa Jioni Mtaani Kwetu. Picha tatu bora zingechapishwa kubwa na kutundikwa ukumbini siku ya wazazi. Picha itakayoshinda ingebaki ukutani mwa shule, na jina la mwenyewe chini yake.

"Nataka mlichokiona kwa macho yenu," alisema mwalimu. "Msiongeze kitu, msipunguze kitu."

Wanafunzi wote walimgeukia Akech. Nani mwingine angeshinda? Hata yeye aliona hivyo, na kusema kweli alikuwa na sababu.

Lakini nani asiyeijua Julai ya Nairobi? Mawingu yalitanda asubuhi hadi jioni, baridi ikawatoa watu makamasi, na jua likawa kama mpangaji anayemkwepa mwenye nyumba. Akech alipanda paani kila siku na kushuka bila kitu. Jioni ya mwisho ya kutuma picha alipiga moja tu, ya minara miwili ya msikiti kule Eastleigh, nyuma yake anga la kijivu tupu.

Ndipo alipokumbuka kwamba simu ile ilikuwa na programu ya kubadilisha anga. Alibonyeza mara moja. Mawingu yakatoweka, na jua kubwa jekundu likakaa katikati ya ile minara, zuri ajabu. Akech alilitazama, akatazama huku na huku, kisha akaituma picha kwa mwalimu kabla moyo haujamkataza.

Picha hiyo ilichaguliwa miongoni mwa zile tatu. Siku mwalimu alipoileta darasani ikiwa imechapishwa kubwa kama meza, wanafunzi walipiga miluzi.

"Akech, hapa umeua!" alisema Frankline, ambaye picha yake ya wachoma nyama wa Burma pia ilikuwa imechaguliwa.

Nyumbani, Otiende hakuweza kunyamaza. Aliwaambia majirani, akawaambia wenzake kiwandani, akamwambia hata bawabu wa langoni asiyemjua jina. Shati lake jeupe alilipiga pasi siku nyingi kabla ya siku yenyewe, akalitundika nyuma ya mlango.

Mtu mmoja tu hakusema lolote. Huyo alikuwa Qamar, rafiki yake Akech, aliyeishi ghorofa hiyohiyo. Walipokuwa wakirudi nyumbani, alisimama ghafla njiani.

"Akech, ulisimama wapi ukipiga ile picha?"

"Si pale juu, kando ya tangi la maji."

"Ukiangalia Eastleigh?"

"Eeh. Kwani huoni minara?"

"Minara naiona, ndiyo maana nauliza," alisema Qamar. "Ile iko upande wa kibla. Nikitandika msala wangu, ninaelekea huko huko. Nimeswali Alasiri na Magharibi pale paani tangu nikiwa mdogo, na jua hutua huku." Aligusa bega lake la kushoto. "Upande wa mjini. Halijawahi kunipiga usoni hata siku moja. Hili lako lilienda Eastleigh kununua nini?"

Uso wa Akech ulipata moto. "Unanionea wivu tu!"

"Wivu wa nini?" Qamar alisema polepole. "Mimi ndiye huwaambia watu kwamba wewe ni mkali wa picha. Sitamwambia mtu, Akech. Lakini nimeona."

Wakaendelea na njia. Akech alijiambia kwamba watu wote wakishangilia, mmoja akinyamaza si neno. Maneno hayo hayakumsaidia.

Jioni ile alimkuta baba yake mlangoni akimwonyesha jirani yao, Mama Vivian, picha ile kwenye simu.

"Tazama jasho la mtoto huyu," Otiende alikuwa akisema. "Kila siku juu kwenye baridi! Akech, hebu mwambie Mama Vivian, jua hili ulilingoja muda gani?"

Akech alisingizia kwamba anaitwa na Qamar, akapita akishuka ngazi, na machozi yakamtoka kabla hajafika chini. Aliona aibu kusifiwa kwa jasho ambalo hakulitoa.

Asubuhi alifika shuleni mapema, akamngoja Mwalimu Ndindi mlangoni mwa ofisi. Alimweleza yote, tangu mawingu hadi ile programu. Mwalimu alisikiliza bila kumkatiza. Kisha alikwenda naye ukumbini, akaitoa picha ile, iliyokuwa imeshatundikwa tayari kwa siku ya wazazi, na kuisimamisha chini, uso wake ukielekea ukuta.

"Umetoka kwenye shindano," alisema. "Hilo haliwezi kubadilika."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Lakini ukuta huu ni wa wanafunzi wote. Ukiniletea picha ya kweli kabla ya siku ya wazazi, nitaitundika. Haitashindana na yeyote."

Jambo gumu zaidi lilikuwa kumwambia baba. Akech alimkuta akifunga kamba za viatu, akasimama mbele yake na kumwambia. Otiende aliacha kufunga. Aligeuka akalitazama lile shati jeupe.

"Nimeshawaambia watu wote," alisema.

"Najua, Baba. Nisamehe."

"Mwalimu alikugundua?"

"Hapana. Nilienda mwenyewe."

Otiende alitoa simu mfukoni, akamwekea mkononi. "Wiki hii itabaki nawe. Anayenitafuta usiku atangoja kukuche. Nenda ukaipige upya, nyathina, mtoto wangu."

Akech alirudi paani, na safari hii hakukuwa na wa kumwita. Qamar alipanda naye, wakasameheana kwa kucheka, kisha akashuka kwenda kuswali. Jioni ya kwanza kulikuwa na mawingu. Ya pili, mawingu na upepo. Akech alikaa palepale vidole vikiwa vimekufa ganzi, akapiga na kufuta, akapiga na kufuta.

Jioni iliyofuata manyunyu yalianza. Wanawake walipanda mbio kuanua nguo.

"Wewe Akech!" Mama Vivian alipiga kelele. "Hiyo simu haitanianulia nguo! Njoo ushike blanketi!"

Akech alishika ncha mbili, Mama Vivian mbili, wakaanza kulikunja. Blanketi liliposhuka, Akech aliona kile ambacho hakuwa amekiona siku zote. Akina mama walikuwa wamenyoosha mikono kwenye kamba wakicheka na kugombezana, shuka zikipepea, na mbali nyuma yao, chini ya mawingu mazito, mstari mwembamba wa rangi ya chungwa ulikuwa umejitokeza kati ya majengo ya mjini. Upande wa mjini, unaostahili.

"Mama Vivian, tafadhali, dakika moja!"

Alipiga picha tatu. Mstari ule ukazimika. Alizitazama, na moyo ukamruka kwa furaha, kwa sababu moja kati yake ilikuwa nzuri na yote ilikuwa yake.

Siku ya wazazi, Frankline alishinda. Ule moshi wake wa Burma uliwafanya hata walimu wameze mate, na Akech alimpigia makofi kwa nguvu. Picha yake mwenyewe ilitundikwa karibu na mlango, ndogo kama ukurasa wa daftari. Lakini wageni wa Shauri Moyo walijazana hapo.

"Si hilo ni blanketi langu!" Mama Vivian alipaza sauti. "Na huyu ni mimi! Kumbe tunapendeza hivi tukikimbizana na mvua?"

Mwalimu Ndindi alisubiri kelele zitulie. "Mpiga picha ni shahidi," aliwaambia. "Anatuambia, nilikuwepo, nikaona hivi. Akitudanganya, hata siku atakayoona ajabu ya kweli hatutamwamini. Akech alikuja mwenyewe kusema ukweli wakati hakuna mwalimu aliyemshuku, kisha akarudi kwenye baridi kufanya kazi. Wanafunzi wangu, mwigeni katika hilo."

Otiende alikuwa amesimama nyuma, amevaa shati lake jeupe. Alisogea mbele, akaiinamia ile picha ndogo, akaitazama kona moja baada ya nyingine.

"Ile kubwa ingenifanya nijivunie simu yangu," alimwambia Akech. "Hii inanifanya nijivunie binti yangu."

Akech alisimama wima kando ya picha yake, mabega juu, ili kila anayeingia mlangoni ajue ni ya nani.