Sahani ya Mgeni

Siku ya kwanza Kasuku alipopanga sahani nne mkekani, mama yake alidhani ni hesabu tu iliyomshinda. Mtoto wa miaka mitano, mdomo hauna breki, kuhesabu atajifunza saa ngapi? Jina la Kasuku alipewa na majirani waliochoka kujibu maswali yake ya dirishani, na wazazi wake hawakuwa na la kubisha. Nyumba ilikuwa na watu watatu, baba, mama na yeye, kwa hiyo Mama Kasuku akaichukua sahani ya nne airudishe kabatini.

"Iache, mama," mtoto akasema. "Hiyo ya mgeni."

"Mgeni gani tena?"

"Anayekuja na baba. Kila siku anasimama pale mlangoni, na wewe humkaribishi."

Mama Kasuku akacheka, akamhadithia mumewe aliyekuwa ndiyo kwanza ameketi. Mumewe naye akacheka, akageukia mlango na kusema, karibu bwana, ingia, usione haya. Ndivyo walivyokuwa, watu wa mzaha. Baadaye mwanamke huyu angetoa chochote alichonacho ili neno lile "karibu" lirudi mdomoni mwa mumewe na kumezwa.

Baba Kasuku alikuwa mvunja betri. Nyuma ya soko la vyuma chakavu palikuwa na uwanja uliozungushiwa mabati, na humo malori yalishusha betri za magari zilizokwisha kazi. Wanaume walizipasua kwa shoka, wakamwaga tindikali yake mferejini, wakachomoa risasi iliyomo ndani, ile metali laini na nzito, wakaiyeyusha kwenye tanuri na kuimimina ikawa mikate ya kijivu ya kutengenezea betri mpya. Moshi wake ulilala juu ya mapaa. Mwaka wa kwanza watu wa mtaa walilalamika: kuku wanataga mayai yasiyo na ganda, mipapai inakauka imesimama, watoto wanaumwa matumbo. Mwaka wa pili walikohoa tu. Nusu ya mtaa ilipata riziki pale, na mtu hatukani chungu anachopikia.

Wavunja betri wenyewe walikuwa na maradhi yao na utani wao. Mmoja wao, rafiki mkubwa wa Baba Kasuku, viganja vilimlegea vikaning'inia kama nguo kwenye kamba. Wenzake wakambatiza Salamu Baadaye, kwa sababu kila aliyempa mkono ilibidi asubiri. Naye alicheka pamoja nao. Angefanya nini?

Lakini jioni, jamani, jioni ya nyumba ile ilikuwa ya kuonewa wivu. Baba Kasuku akitokea tu kwenye kona, vumbi limemkaa hadi kwenye kope, mtoto alichomoka mbio, akamrukia kifuani, akauzika uso wake shingoni mwa baba na kuanza kumsimulia siku nzima bila kuvuta pumzi. Baba yake alipenda kusema kwamba shoka linachosha mikono, ila haijachoka mpaka ishindwe kumbeba huyu. Mama Kasuku aliacha kila alichokuwa akifanya ili awatazame. Kisha nguo za kazi ziliingia kwenye beseni la bluu, zikafuliwa, maji yakamwagwa uani, beseni likasuuzwa, na ndani ya beseni hilohilo Kasuku akaogeshwa. Nyumba ilikuwa na beseni moja, na beseni likishasuuzwa ni safi. Nani asiyejua hivyo?

Sahani ya nne haikukoma. Siku moja Mama Kasuku alimkuta mwanawe amechuchumaa kizingitini, anachovya kidole vumbini, analamba, anachovya tena. Alipomuuliza, mtoto akajibu kwamba mgeni amemwachia sukari. Mama akamfuta mkono kwa ukali. Halafu, bila kujua kwa nini, akagusa vumbi lile na kuliweka ulimini. Lilikuwa tamu. Haukuwa utamu wa sukari, ulikuwa utamu mzito na wa baridi uliong'ang'ania kwenye fizi. Akatema, akasukutua, na alipokuwa anapitiwa na usingizi bado aliuhisi.

Asubuhi yake, akifagia, aliziona nyayo. Ilikuwa kawaida mumewe kuacha alama za vumbi la kijivu kutoka mlangoni hadi alipoketi, na ilikuwa kawaida ufagio kulirusha vumbi hilo hewani likacheza kwenye mwanga wa dirisha na kutua popote lilipotaka, juu ya mito, juu ya kikombe cha mtoto. Lakini asubuhi hiyo alama zilikuwa za watu wawili, za viatu vya mumewe na, kandokando yake, za mguu mtupu, mpana, uliokuwa umebonyeza sakafu ya saruji kana kwamba ni tope, mguu usio na kidole hata kimoja, na alama hizo za pili hazikuishia alipoketi mumewe bali ziliendelea polepole hadi kwenye kitanda cha Kasuku, na hapakuwa na alama za kurudi.

Akafagia. Akapiga deki mara mbili. Hakumwambia mtu, maana kusema kungekuwa kukubali.

Neno la kwanza kupotea lilikuwa kijiko. Kasuku alikinyooshea kidole, akafungua mdomo, akakunja uso, kisha akacheka, akidhani ni mchezo. Likafuata dirisha. Yakafuata majina ya majirani, walewale aliowachosha. Akakonda. Tumbo lilimkata akajikunja sakafuni, mstari wa bluu ukajichora kwenye fizi zake, na alipokimbia kumpokea baba yake alijikwaa mahali pasipo na kitu. Zahanati ya jirani wakampa dawa ya minyoo. Majirani walipita dirishani wakisubiri kuulizwa swali, swali halikuja, wakaendelea na safari zao wakiwa wameinamisha vichwa. Kumbe kelele za mtoto yule ndizo zilizokuwa zinauchangamsha mtaa.

Kisha jioni moja degedege ilimkamata palepale kizingitini, kifuani kwa baba yake. Mama Kasuku alikimbia kuwashika wote wawili, na wakiwa wamekumbatiana hivyo, watu watatu, akasikia wa nne akipumua katikati yao.

Salamu Baadaye ndiye aliyemtaja mganga. Alikuja kumwona mgonjwa, akasimama uani, akazungumza kwa sauti ya chini kana kwamba mabati ya uwanja yana masikio.

"Shemeji, pale kazini kuna mwenyewe. Tunamsikia kwenye tanuri. Tukimmimina anaguna."

"Na mbona hamkusema?"

"Tulisema ni moto." Akavitazama viganja vyake vilivyolegea. "Mtu ana watoto, shemeji. Utasema ni moto."

Mganga aliitwa Miwani. Alikuwa mwanamke wa makamo, zamani fundi cherehani. Macho yalipomchoka alirithi kazi ya mama yake, kutoa majini. Hakuwa na madoido. Alikuja mchana, jua la utosi, akisema jini hili halichagui saa. Alinusa nguo za kazi zilizokuwa kambani, akanusa beseni la bluu, akanusa nywele za mtoto, halafu akaketi chini kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

"Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako," akasema taratibu. "Walidhani wanapiga mfano."

Akampakata Kasuku, akamwekea kiganja utosini, akauliza yale maswali ambayo jini haliwezi kuyakwepa: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini.

Kwa wiki nyingi Kasuku hakuwa ametamka neno. Alipofungua mdomo na sentensi nzima ikatoka, imenyooka, kwa sauti yake ileile nyembamba, Mama Kasuku alifurahi. Furaha ilimjaa kifuani kabla hajaelewa anachokisikia, na furaha hiyo ndiyo ambayo hadi leo hajajisamehe.

"Nilikuwa nimelala chini ya mlima," sauti ilisema. "Sikumwita mtu. Mkanichimba. Mkanifungia kwenye masanduku niyawashe magari yenu, nikayawasha. Mkanipasua kwa shoka."

"Umefikaje hapa?"

"Nilibebwa. Kila jioni nilibebwa kifuani, na mtoto akanipokea kwa mikono miwili. Mama akamwogesha ndani yangu. Na mwenye nyumba akaniambia karibu."

Baba Kasuku aliitazama mikono yake, upande huu na upande huu. Husemwa kwamba mchuma janga hula na wa kwao, lakini yeye hakujua kama anachuma janga. Alijua anachuma riziki.

"Basi rudi ulikotoka," Miwani akaamuru.

"Mlima mmeumaliza. Nionyeshe nilikotoka, nitaondoka sasa hivi."

Miwani akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena, kisha akaivua, kwa maana katika miaka yake yote mwanamke huyu alikuwa ameyarudisha majini mapangoni na visimani na kwenye magofu, yakilia, yakitukana, yakiomba siku moja zaidi, lakini yote yalikuwa na kwao, na sasa lilikuwa limeketi mapajani pake jini ambalo kwao palipasuliwa, pakapakiwa, pakasagwa, pakageuka moshi na maji na vumbi, nalo halikuwa na pa kwenda isipokuwa ndani ya watu.

"Niingie mimi," Baba Kasuku akasema. Alikuwa amepiga magoti. "Mwache mtoto. Niingie mimi."

Mtoto akacheka, kicheko kile cha siku ya kijiko.

"Wewe nimo siku nyingi. Wewe ni mlango tu."

Walibishana hadi kivuli cha nyumba kikafika katikati ya ua. Miwani aliahidi kwamba mlango utafungwa: mwanamume hatarudi uwanjani, familia itahama.

"Nitashuka," sauti ikasema mwishowe. "Ila nilichokula sirudishi. Na nyumba hii ina milango mingi."

Kitu kizito kikaanguka sakafuni, na hakikuonekana. Harufu tamu ikajaa chumbani hadi wakashindwa kupumua, kisha ikapungua. Kasuku akalala, jasho likimtoka, mdomo wazi.

Mama Kasuku aliuliza nguo za kazi afanye nazo nini, azichome?

"Moshi wake ni yeye," Miwani akasema.

Azifukie? Ataota kwenye mboga. Azitupe mtoni? Atanywewa na watu wa bondeni. Mganga akalitoa shati la kazi kambani, akageuka huku, akageuka kule, mwisho akalirudisha kambani. Halafu akawaambia wampeleke mtoto hospitali kubwa, akapimwe damu, kwa kuwa yeye ametoa kilichosema, ila kilichonyamaza bado kimo.

Hospitali waliikuta risasi kwenye damu, nyingi, wakampa dawa ya kuivuta. Tumbo likapoa, degedege ikakoma. Maneno, daktari alisema kwa upole, wasiyasubiri sana. Muuguzi alimgeukia Mama Kasuku, akamwuliza nani alikuwa anafua zile nguo, akamshauri naye apimwe, maana risasi hujificha kwenye mifupa na haina haraka. Mama Kasuku akasema atarudi siku nyingine. Kwanza mtoto.

Walihama mbali, mahali pasipo moshi. Baba Kasuku akapata kazi ya kupakua matofali. Sasa kila jioni huoga nje kwanza, hujisugua hadi ngozi inakuwa nyekundu, hubadili nguo, ndipo husimama mlangoni na kufungua mikono. Kasuku haruki tena. Husimama hatua chache, humtazama baba yake, halafu hutazama nyuma ya bega la baba yake, kwa makini, na akiridhika ndipo huja taratibu na kuweka kichwa chake pale shingoni. Hasimulii kitu. Baba yake ndiye humsimulia, matofali mangapi, nani kaanguka na toroli. Huo ndio mshahara uliobaki, na Mama Kasuku hawezi tena kuwatazama bila kulia.

Katika nyumba hiyo mpya ndimo alimoshika mimba. Hawakuipanga, lakini walipoijua walikaa wameshikana mikono, na kwa mara ya kwanza tangu siku zile wakajiona watu wenye kesho. Tumbo lilipokwisha kuwa kubwa, Kasuku alizoea kuliwekea sikio.

Jioni moja alipewa sahani apange, kazi aliyokuwa bado anaiweza. Akaweka ya baba. Akaweka ya mama. Akaweka yake. Kisha akaenda kabatini, akaleta ya nne, na Mama Kasuku akageukia mlango, lakini mtoto hakuutazama kabisa. Alikuja moja kwa moja, akaiweka sahani mbele ya tumbo lake, akalipapasa.

"Umeona?" Baba Kasuku akasema, na sauti yake ilijaa kicheko, kicheko cha zamani kilichokuwa kimepotea. "Ameshamhesabu mdogo wake. Mama Kasuku, umeona? Anahesabu."

Aliona. Alicheka na yeye, machozi yakimtiririka, akamvuta mwanawe ambusu. Kasuku akajitoa mikononi mwake. Akarudi kabatini, akaleta sahani ya tano, akaiweka kando ya ile ya nne, karibu hata zikagusana, na akalitazama tumbo la mama yake kwa makini, kama anavyotazama nyuma ya bega la baba.

Mama Kasuku akameza mate. Yalikuwa matamu, utamu mzito, wa baridi, unaong'ang'ania kwenye fizi.

Mumewe alikuwa bado anacheka.