Kiti cha Nyuma Kushoto

Gari lilikuwa na kasoro moja tu, kwa maneno ya aliyeliuza: redio haishiki vizuri. Kinyozi alilizunguka mara mbili, akaipiga tairi teke kwa sababu ameona wanunuzi wengine wakifanya hivyo, akatia saini. Bei ilikuwa ya kutupa. Aliyeliuza alimkabidhi funguo, akakataa kupewa lifti hata ya mpaka kituoni, akaondoka kwa miguu juani, tena kwa haraka.

Kilometa ya tatu, usukani ukaanza kutetemeka.

Mtetemo wenyewe haukuwa wa kumtisha mtu. Ulianzia vidoleni, ukapanda viwikoni, ukatulia kwenye meno. Gari nalo lilikuwa linavuta kushoto. Akilegeza mikono kidogo tu, pua inaelekea ukingoni mwa barabara kama ng'ombe aliyeona majani. Alifika kazini mkono wake wa kulia umekufa ganzi, na siku ile alimkata mteja sikio, jambo ambalo halikuwa limemtokea tangu ajifunze kushika wembe.

Kulirudisha hakuweza hata kufikiria. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane, na ile ya kabla yake waliipoteza kando ya barabara, wakisubiri gari la wagonjwa waliloambiwa liko njiani. Safari hii daktari alikwisha kuwaonya: uchungu ukianza, msisubiri mtu, njooni. Kwa hiyo walihitaji gari, na gari walilolimudu ni hilo.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa mama mkwe.

Mama mkwe alihamia kwao ili amtunze binti yake, na alikuwa mwanamke aliyejaliwa mwili, asiyeona haya kuubeba. Alikaa siku zote nyuma ya dereva, apate kumwona mkwewe anavyoendesha na kumsahihisha. Kinyozi hakuthubutu kusema neno mbele yake. Alimnong'oneza mkewe jikoni kwamba huenda springi zimeelemewa.

"Na wewe!" mkewe akamjibu huku akicheka. "Mama anakaa kulia. Gari linalala kushoto."

Kinyozi akatoka nje kuangalia. Gari lilisimama tupu, mahali pa tambarare, na kona yake ya nyuma kushoto ilikuwa imeshuka. Upande wa kulia aliweza kupitisha vidole vinne kati ya tairi na bodi. Upande ule vilipita viwili, tena kwa shida. Akavuta mlango wa nyuma kushoto aone kama kuna kitu kizito kimesahauliwa chini ya kiti, lakini mlango haukufunguka. Kwenye upenyo wa kioo ilitoka harufu ambayo yeye, kwa kazi yake, aliijua kuliko mtu yeyote mtaani. Ilikuwa harufu ya nywele zilizoungua.

Wakalipeleka kwa Fundi Sikio, karakana yake iko nje kidogo ya mji. Jina hilo alipewa kwa sababu huweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini wake sikioni, akafumba macho, akakuambia gari linaumwa wapi. Alianza na yanayojulikana. Akabalansi magurudumu, mtetemo ukabaki. Akayahamisha, ya mbele yakaenda nyuma, mtetemo haukuhama nayo. Akayatikisa moja moja akitafuta kilicholegea, akakuta kila kitu kimekaza. Beringi nzima, shafti nzima, diski za breki hazijapinda. Akanyoosha mgongo na kulitazama gari kwa hasira, kama mtu aliyetukanwa mbele ya watu.

"Ugonjwa sijauona," akasema. "Ila limeelemewa upande. Mimi sipimi gari tupu, nalipima na watu wake. Wote wanaosafiri na gari hili waingie, kila mmoja akae pale pake pa siku zote."

Mafundi wenzake walimcheka kwa mtindo huo, naye akajivunia. Aliamini gari likinyooshwa tupu linapinda tena siku ya kwanza likipakia. Basi wakaingia, Kinyozi kwenye usukani, mkewe pembeni yake, mama mkwe nyuma ya Kinyozi. Fundi akazunguka na futi yake, akaandika kwa chaki sakafuni. Akawashusha, akatia raba nene kwenye springi ya nyuma kushoto, akawaambia wakae tena. Safari ya pili vipimo vikalingana kila kona.

Walirudi nyumbani gari limetulia kama kitanda. Kinyozi aliachia usukani makusudi, likaenda moja kwa moja. Mama mkwe, ambaye hamsifu mtu bure, alisema fundi yule ana mikono.

Furaha ilidumu siku tatu.

Siku ya nne waliukuta mkanda wa kiti cha nyuma kushoto umefungwa, umebana, kama umemzunguka mtu. Kinyozi aliufungua. Walipotoka sokoni ulikuwa umefungwa tena. Mkewe naye akaanza kukaa na kitenge begani mpaka masikioni, hata wakati wa joto, na alipoulizwa alisema anahisi baridi ya shingo.

"Niambie kweli," Kinyozi akasema siku moja, wamesimama kwenye taa za barabarani.

"Kuna mtu anapumua nyuma yangu," mkewe akanong'ona bila kugeuka. "Na mtoto, nikiingia humu, anaacha kucheza. Anatulia tuli. Nikishuka ndiyo anaanza tena, anapiga teke kama aliyekuwa amejificha."

Mama mkwe alikuwa peke yake kwenye kiti cha nyuma. Alikuwa amejisogeza mpaka mwisho wa upande wake, begi lake kubwa ameliweka katikati, na Kinyozi alipomtazama kwenye kioo aliona jinsi midomo yake ilivyokuwa ikitembea bila sauti.

Kesho yake mchana wakarudi karakana. Fundi Sikio aliwapokea kwa bashasha, akauliza kama wanaendelea vizuri wote wanne.

"Watatu," Kinyozi akasema.

"Wanne. Siku ile si mlikuwa wanne?" Fundi akahesabu kwa vidole vyenye grisi. "Wewe, mama kijacho, mama, na yule aliyekaa nyuma kushoto, amejifunika. Nilimsalimia, hakuitika, nikadhani mgonjwa. Yeye ndiye mzito wenu. Ile raba niliiweka kwa ajili yake."

Fundi akawatazama mmoja mmoja, akaona nyuso zao, na uso wake mwenyewe ukabadilika. Akachukua bisibisi, akapitisha mkono dirishani, akagusisha ncha kwenye kiti cha nyuma kushoto, akaweka sikio. Alisikiliza kwa muda mrefu. Alipoliondoa alikuwa anatetemeka, na mtetemo wake ulikuwa uleule wa usukani.

"Nisameheni," akasema kwa sauti ya chini. "Nilisema kila msafiri akae pale pake, naye akakaa. Nikampima, nikamwekea na raba ili asiumie. Sasa anajua yeye ni wa humu kama nyinyi."

"Itoe!" mama mkwe akasema. "Itoe hiyo raba sasa hivi!"

Fundi alikuwa ndiyo kwanza ameshika jeki pale mke wa Kinyozi alipojishika tumbo na kupiga kelele, maji yakamwagika miguuni mwake.

Magari mengine yote ya karakana yalikuwa hayana magurudumu au hayana injini. Walipiga simu hospitali wakaambiwa wasubiri, gari la wagonjwa liko njiani. Kinyozi aliposikia neno hilo aliikata simu. Alimbeba mkewe, akamlaza kiti cha mbele, mama mkwe akaingia nyuma, wakaondoka.

Gari lilikwenda vizuri mno, na hilo ndilo lililomtia Kinyozi hofu, kwa maana usukani ulikuwa unageuka kidogo kabla hajaugeuza, na alipofika njia panda ambapo hospitali ni kulia, akazungusha mikono kulia kwa nguvu zake zote, magurudumu yakaendelea mbele kana kwamba hayakumsikia, likapita lango jeupe la hospitali, likapita watu waliosimama langoni, likashika barabara ya kushoto asiyoijua, huku akikanyaga breki inayokanyagika bila kukamata, na mkewe akilia kwamba mtoto ametulia, mtoto ametulia kabisa, na harufu ya nywele zilizoungua ikijaa mpaka machozi yakawatoka, na vitasa vya milango yote minne vikajifunga kimoja baada ya kingine, taratibu, kama mwenye nyumba anayefunga baada ya wote kuingia.

"Tutafia humu," Kinyozi akasema. Hakujua kama amesema kwa sauti.

"Nyamaza uendeshe," mama mkwe akamwambia.

Kwenye kioo alimwona analiondoa begi katikati. Aliuona uso wake umelowa jasho, na aliona anaogopa, anaogopa kama mtoto, lakini alikuwa anasogea kushoto.

"Kama anadai kiti, kiti hakikaliwi na wawili," akasema. "Na mimi mnajua ninavyojaa. Sogea, mwenzangu. Usiposogea nakukalia."

Akajiinua, akakaa. Gari zima likalala kushoto mpaka chuma kikakwaruza lami, kikasikika kitu kama pumzi iliyobanwa, na usukani ukalegea mikononi mwa Kinyozi. Akageuza. Likageuka. Wakarudi kwa kasi, wakaingia lango jeupe, wauguzi wakaja mbio na kitanda.

"Nenda na mkeo," mama mkwe akasema. "Mimi nitashuka mwenyewe."

Saa mbili baadaye Kinyozi alitoka nje akiwa analia na kucheka. Jua lilikuwa halijazama. Gari lilikuwa palepale, na mama mkwe alikuwa ndani, palepale, mikono yake imeng'ang'ania kingo za kiti. Kioo chake kilikuwa kimeshuka upana wa kiganja.

"Ni msichana, mama. Mzima. Analia kwa fujo kama wewe!"

Machozi yakamtiririka mama mkwe, lakini hakuondoa mkono kwenye kiti kuyafuta.

"Shuka basi ukamwone."

"Siwezi, mkwe wangu. Yuko chini yangu. Nimejaribu mara mbili. Nikijiinua kidogo tu, na yeye anajiinua, na mlango huu ambao hatujawahi kuufungua unafunguka wenyewe." Akatazama mbele yake, na Kinyozi akafuata macho yake mpaka kwenye mlango wa wodi ya wazazi. "Anasema naye ni wa nyumba hii. Anataka kwenda kumwona mtoto."

Kinyozi akashika bodi ya gari. Ilikuwa ya baridi, na injini ilikuwa imezimwa, na ilikuwa inatetemeka.

"Nitaleta mtu, mama. Nitaleta mtu anayeyajua haya."

"Lete. Kwanza niletee maji, unipitishie hapa kiooni. Na binti yangu asijue, mwambie nimerudi nyumbani kupika. Halafu nisikilize. Usifungue mlango huu hata nikikuomba. Hata nikikulilia kwa sauti yangu hii hii."

Kinyozi akaahidi, akageuka aende. Hakuwa amefika hata kwenye ngazi aliposikia kioo kinagongwa, polepole.

"Mkwe wangu," sauti ikaita. "Rudi unifungulie, baba. Nimechoka kukaa."

Hakujua ni nani kati ya wawili wale aliyekuwa akimwita. Akaendelea kutembea, huku analia, kwenda kutafuta maji.