Jeshi la Bravin

Haya yalimpata rafiki yangu Jotham, nesi wa mji wa Fridley, kule ughaibuni, mtu asiyejua kutia chumvi. Mdogo wake Bravin alikuwa amelazwa. Madaktari walishakata tamaa, na mikono yake haikuweza tena kushika hata kijiko. Alipokuwa mzima alipenda kupaka rangi sanamu ndogo za askari wa Ulaya ya kale, wenye mikuki na ngao, wa kimo cha kidole gumba, kisha kuwabandika kwa gundi juu ya vibao vilivyotandazwa mchanga na nyasi bandia. Ugonjwa ulimkuta hajapaka rangi ngao za jeshi lake la mwisho.

"Bro, niletee jeshi langu," alimwomba. "Nilione tu."

"Nitakuletea leo leo."

Jotham akaendesha gari hadi mji wa Burnsville, kwenye nyumba ya Bravin iliyofungwa tangu augue. Dhoruba ya theluji ilikuwa imekata umeme, na giza lilishaingia. Alipofungua mlango alisikia sauti ndani: brashi ikisuuzwa majini, kisha ikigongwa kwenye ukingo wa glasi. Ting. Ting.

"Ni nani huyo?"

Sauti ikakoma. Akawasha tochi ya simu, akapita kila chumba, akafungua hata kabati. Hapakuwa na mtu. Mara simu ikalia mkononi mwake. Ilikuwa hospitali: Bravin alikuwa amekata roho muda huo huo.

Jotham akaketi kwenye meza ambayo Bravin alizoea kupakia rangi, akalia. Alipoinua simu, tochi ikamulika jeshi. Ngao zote zilikuwa zimepakwa rangi nyekundu mbichi. Brashi ilisimama ndani ya glasi, na maji yalikuwa bado yanazunguka.